Mwaka Mke Wangu Alipokwenda Kusomea Mawasiliano

Mimi siyo mtu wa kushangazwa na kitu. Nimeanza kwa kuuza chumvi ya kupima kwa kijiko, nimelala chini ya lori pale Nyakanazi mvua ikinipata kutokea chini, nimetapeliwa na watu wenye tai na nimesaidiwa na watu wasio na viatu, na darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Leo nina magari mawili ya matangazo, nina mahema na viti vya kukodisha, na nina nyumba ya vyumba saba Murubona ambayo mafundi kutoka Kigoma walikuja kuipiga picha. Kasulu wananiita Kipaza. Ukisikia spika inapita sokoni ikisema mkutano uko wapi, chanjo ni lini, nani kafariki na anazikwa saa ngapi, hiyo ni sauti yangu, au ni sauti ya mtu niliyemfundisha kuiga sauti yangu. Kwa hiyo ninaposema hakuna cha kunishangaza, nasema kama mtu ambaye habari za wilaya hii zimepita kooni kwake kabla hazijafika masikioni mwa wenyewe.

Mwezi uliopita alifariki Bi Mwasiti, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta pale dukani, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Ujiji aliyeuza vitenge na viungo tangu Kasulu haina lami. Mwanawe akanifuata asubuhi, macho mekundu, akaniomba nitangaze. Nikapanda gari mwenyewe, sikumwachia dereva. Nikazunguka soko, stendi, njia ya hospitali, nikatangaza kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida yangu. Mzunguko ulipokwisha nikaegesha gari, nikavua kofia, nikaanza kwenda kwa miguu kwenye nyumba za wale waliokuwa watu wake hasa. Naingia, nakaa, nasalimia, naulizwa habari za nyumbani, ndipo nasema. Mwanawe akanikuta nyumba ya tatu, akanishangaa. "Mzee Kipaza, si umeshatangaza?" Nikamwambia, "Nimetangaza, ndiyo. Sasa napeleka habari." Hakunielewa, na mazishi yalikuwa saa kumi, sikuwa na nafasi ya kumweleza. Mama yake angenielewa bila maelezo, kwa sababu yeye alikuwepo ule mwaka nilipojifunza jambo hilo, na chakula nilichokula mwaka ule kilitoka jikoni kwake.

Ulikuwa mwaka ambao mke wangu, Skola, alikwenda Dodoma kusoma shahada ya uzamili. Wakati huo alikuwa anafanya kazi ofisi ya habari ya halmashauri, lakini zamani alifundisha sekondari, na mimi mpaka leo namwita Mwalimu. Aliniambia jioni moja tukiwa tunachambua maharage sebuleni, sinia katikati yetu, akasema amepata nafasi ya chuo ila hajapata wa kumlipia. Nikamuuliza anakwenda kusoma nini. Akasema mawasiliano ya kimkakati. Nikamuuliza hiyo ndiyo nini.

"Ni kujua unasema na nani," akasema, "unataka afanye nini akishasikia, na utajuaje kama kweli amekusikia."

"Hiyo mimi naifanya miaka yote bila cheti."

"Najua, baba Neema. Nimeishi nayo humu ndani."

Nilicheka sana. Nikamwambia nitalipa mimi, yote, ada, pango, chakula, na asiombe hata senti kwa mtu mwingine. Kesho yake nusu ya mji ulikuwa unajua, kwa sababu niliwaambia mwenyewe. Na mji ukanijibu. Ukikaa kwenye benchi la kahawa unasikia: huyo anamsomeshea mwanaume mwingine. Fundi wangu wa spika, Nzeyimana, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye akazaliwa huku na ni Mtanzania kuliko mimi, alikuwa anafunga waya chini ya gari, akachomoa kichwa na kuniambia, "Bosi, ng'ombe ukimfundisha kuruka usilalamike ukimkuta juu ya paa." Nikamwambia afunge waya. Lakini maneno ya namna hiyo huwa hayaondoki na msemaji. Yanabaki yanakungoja nyumbani.

Na nyumbani hapakuwa na mtu. Neema, binti yetu, alikuwa shule ya bweni. Vyumba saba ni vizuri ukiwa unawahesabia wageni, lakini ukiingia peke yako jioni, unawasha taa chumba hiki unakuta kile kingine kimekuwa cheusi zaidi. Nilianza kufunga milango. Nikafunga cha wageni, nikafunga cha Neema, nikafunga kile ambacho Skola alikuwa anakaa na vitabu vyake, na mwisho nikahamia sebuleni na blanketi, televisheni ikisema yenyewe. Baridi ya Kasulu ya mwezi wa saba inaingia kwenye nyumba ya vigae kuliko ya nyasi, hilo wajenzi hawakuambii. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na kitenge chake cha kupikia, kina madoa ya mawese, na sikukifua wala kukitoa. Nilikuwa napita nakisogeza kidogo tu ili mlango ufunge. Watu walidhani Kipaza hawezi kunyamaza. Hawakujua kuna siku nilifunga duka, nikafika nyumbani, na sikusema neno mpaka kesho yake nilipomsalimia mlinzi, nikasikia sauti imekwama kama maiki yenye vumbi.

Kupika sijui na sitaki kudanganya. Bi Mwasiti aligundua siku ya kwanza aliponiona nakula mkate na soda kwenye kaunta. Tangu siku hiyo ikawa mchana analeta sahani iliyofunikwa na sahani: ugali wa muhogo na maharage ya mawese, siku nyingine kisamvu, Ijumaa wali na samaki mgebuka wa kukaangwa. Anaweka, anavuta kiti, yeye mwenyewe hali, ananitazama ninavyokula.

"Kula taratibu, hunyang'anywi."

"Mama, biashara inaningoja."

"Biashara gani? Toka asubuhi umeuza makelele tu."

Lakini raha yangu ya siku ilikuwa saa moja jioni. Saa hiyo nilimpigia Skola, na nilimpigia nikiwa dukani, simu nimeiweka spika, tena nimeichomeka kwenye amplifaya ndogo ya kujaribia ili kila mtu asikie. Wateja walikuwa wanachelewa kuondoka kwa ajili hiyo. Nilitaka wale wa benchi la kahawa wasikie kwa masikio yao kwamba mke wangu yupo, ananijibu, na anasoma. "Mwalimu! Uko hewani, Kasulu nzima inakusikiliza! Masomo vipi?" Na sauti yake inatoka kwenye spika, nyembamba, ina mwangwi: "Salama." "Chakula?" "Salama." "Unahitaji nini?" "Hakuna, nashukuru." Watu wanapiga kelele, "Shemeji hujambo! Shemeji ongea Kiingereza kidogo!" Yeye anacheka kidogo, anasema yuko na kazi, anakata. Nzeyimana akasema, "Bosi, masomo yote hayo na anajua maneno mawili." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kisha nafunga duka, naenda kusogeza kile kitenge.

Kiangazi alirudi kwa ajili ya utafiti wake. Alitaka kujua familia za vijijini zinapata vipi habari za chanjo za watoto, na matangazo ya chanjo yalikuwa kazi yangu. Shirika moja la afya lilikuwa limenipa mkataba wa kuzunguka vijiji vya Kasulu mpaka Kibondo, mkataba mkubwa kuliko yote niliyowahi kuwa nayo, unaohuishwa kila mwaka. Nilidhani nyumba itajaa. Ilijaa karatasi. Asubuhi anaondoka kwa bodaboda kwenda Titye au Rungwe Mpya, jioni anarudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, anakula amesimama, anavaa visikio vya simu na kuanza kuandika walichosema watu. Siku moja akanikalisha na mimi. Sebuleni kwangu, kwenye kochi langu, akaweka simu ya kurekodi juu ya meza akasoma kwamba nina hiari ya kushiriki na ninaweza kujiondoa wakati wowote bila madhara yoyote.

"Unakubali?"

"Nakubali nini tena, wewe si mke wangu?"

"Sema nakubali, inarekodi."

Nikakubali. Akaniuliza mambo mengi, nikajibu vizuri, nilikuwa kwenye ubora wangu. Nikaeleza nguvu ya spika, nikaeleza jinsi ya kupanga maneno ili upepo usiyale. Akauliza, "Unajuaje kwamba ujumbe umefika?" Nikamwambia sauti yangu ukiwa Titye unaisikia mpaka ng'ambo ya bonde. Akasema, "Sijauliza sauti." Halafu akaandika kitu, akaendelea na swali lingine.

Siku moja bodaboda ilikosekana nikampeleka mwenyewe Titye. Akaniomba niegeshe mbali, nisionekane. Nilikaa ndani ya gari, kioo wazi, nikawa namwona kwa mbali amekaa na akina mama kwenye uwanja wa nyumba moja. Nilichoshangaa, au tuseme nilichokitazama, ni jinsi alivyochelewa kuanza. Sisi Waha unapoingia kwa mtu hufiki na neno mkononi. Unapokelewa, mnapigiana makofi ya salamu, mwakeye, mwakeye, unaulizwa watoto, unaulizwa mihogo, unaletewa kigoda. Neno lenyewe linatoka mwishoni, na kama ni zito linatoka la mwisho kabisa, mkiwa mmeshakaa kiasi cha kuzoeana. Anayesema jambo zito akiwa mlangoni tunasema ana haraka ya kuondoka. Skola aliyafanya yote hayo bila haraka. Kisha nikasikia akina mama wanacheka, kicheko kirefu, wengine wanapiga mapaja, na yeye hacheki. Aliporudi kwenye gari nikamuuliza wamecheka nini. Akasema, "Mambo ya kawaida."

Akarudi Dodoma kuandika. Na mimi nikarudi kwenye simu yangu ya saa moja. Salama. Salama. Nashukuru. Likizo ya chuo ikafika, hakuja, akasema kazi ni nyingi. Wenzake wawili wa hapa Kasulu wakarudi wakasema wamemaliza kuandika, yeye hawamwoni maktaba. Benchi la kahawa likapata kazi. Nikaanza kuongeza sauti ya amplifaya, kama vile ubaya ulikuwa kwenye waya.

Bi Mwasiti ndiye aliyekuja kuizima amplifaya hiyo. Alikuja jioni moja wakati wa simu, akasimama pembeni akasikiliza mpaka mwisho. Watu walipotawanyika akakaa.

"Kipaza, huyu mtoto wa watu anaumwa?"

"Hapana mama, si umesikia? Salama."

"Nimesikia. Mimi nimeolewa mara mbili, naijua salama ya namna ile. Sasa wewe unataka akuambie nini mbele ya Nzeyimana na wauza vitunguu?"

"Sina siri na mji huu."

"Wewe huna. Yeye anayo." Akasimama, akachukua sahani yake. "Nyie Waha si ndiyo mnasema neno zito halisemwi mlangoni? Umemsimamisha mwenzio mlangoni mwaka mzima."

Nilipanda basi asubuhi iliyofuata. Sikutangaza; aliyejua ni Bi Mwasiti tu. Hata Nzeyimana nilimwambia naenda Kibondo kuangalia spika. Kibondo ikapita, Kakonko ikapita, Nyakanazi pale nilipolala chini ya lori ikapita, na mimi nimekaa dirishani kama mzigo wa mtu. Mwendo ulikuwa mrefu wa kutosha mtu kujiuliza maswali yote na kuyajibu vibaya. Nilishamwona yule mwanaume wa maneno ya benchi la kahawa, nilishamvisha na tai. Nilipofika Singida nilikuwa nimeshampa gari.

Nilifika kwake kesho yake asubuhi. Alipangisha chumba kimoja uani kwa watu, nyuma ya mashine ya kusaga. Kitanda, jiko dogo la gesi la kupikia umechutama, ndoo mbili, meza yenye vitabu, na kiti kimoja cha plastiki. Hapakuwa na alama ya mtu wa pili. Hata kikombe kilikuwa kimoja. Nikaona kwamba nilikuwa nimeulipia miezi yote hiyo upweke wa watu wawili, mimi kwenye vyumba saba na yeye kwenye kimoja.

Alifungua mlango akashika kifua. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Neema?"

"Neema mzima. Nimekuja kukaa."

Nikapiga makofi ya salamu, yale ya nyumbani, mwakeye. Akanitazama kama mtu anayesikia lugha yake kwenye redio ya nchi nyingine, kisha akaitika. Nikakaa kwenye kiti, yeye kitandani. Akaniuliza mvua, nikamwambia. Akaniuliza bei ya maharage, akaniuliza Bi Mwasiti, nikamwambia ametuma salamu na mdalasini. Akapika. Ugali wa mahindi wa Dodoma na mboga ya mlenda, tulikula kwenye sahani moja kwa sababu hapakuwa na nyingine. Nilikuwa na maneno yamenijaa mpaka hapa, na ninyi mnanijua, sijawahi kukaa na neno bila kulitoa. Nililimeza na ugali. Mashine ya kusaga ikawa inanguruma, ikazima, ikanguruma. Jua lilikuwa limeshageukia upande wa pili wa dirisha aliponawa mikono na kusema.

"Baba Neema, nimekwama sura ya nne. Tangu nimerudi sijaandika hata ukurasa."

"Ngumu?"

"Siyo ngumu. Inakuhusu." Akavuta karatasi lakini hakuzisoma, alikuwa anazijua. "Unakumbuka Titye walipocheka? Niliwauliza gari la matangazo likipita wanafanya nini. Mama mmoja akasema, likipita tunajua kuna jambo, halafu tunasubiri mtu aje akae atuambie ni jambo gani. Mwenzake akasema, gari halijibu ukiliuliza. Ndipo wakacheka."

"Walisema wangapi hivyo?"

"Kila kijiji. Asipokuja mtu wa kukaa, hawapeleki mtoto." Akashusha sauti. "Na gari ni moja, kila mtu anajua la nani. Nikimaliza lazima niwasilishe matokeo Kibondo, mbele ya shirika. Wale wale wanaokulipa. Nikiitoa sura hiyo sina tasnifu. Nikiiacha, nakuvua nguo kwa ada uliyonilipia mwenyewe. Nimefikiria niache chuo. Niseme nimeumwa."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na hoja, nilikuwa na mifano, nilikuwa na bonde lile la Titye na mwangwi wake. Lakini nilikumbuka saa moja zote za jioni, ile sauti nyembamba kwenye amplifaya yangu, na mimi nikidhani imefika kwa sababu ilikuwa kubwa. Nikamuuliza kitu kimoja tu: "Na wewe mwenyewe, unaonaje? Wanasema kweli?"

Akatazama chini. "Mwaka mzima umenipigia kila siku. Nimekwambia nini?"

Mashine ikazima. Nikasikia kuku uani, nikasikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Mimi ni mtu niliyesema maneno mengi kuliko mtu yeyote kati ya Kasulu na Kibondo, na nililotoa siku ile lilikuwa moja.

"Andika."

Akalia, kisha akaandika. Nilikaa kwake wiki, nikinunua mboga, nikisonga ugali mbaya, nikinyamaza. Alimaliza, akafaulu, na siku ya Kibondo nilivaa koti nikaenda kukaa kiti cha nyuma. Alisimama mbele ya watu wakubwa akaeleza yote kwa Kiswahili kilichonyooka, gari kama kengele na mtu kama habari, hakunificha wala hakunikejeli, na baadhi ya watu waligeuka kunitazama. Nikawatazama. Baada ya hapo shirika lilianza kutumia akina mama wa kila kijiji, wanaokwenda nyumba kwa nyumba, wanakaribishwa, wanakaa, wanaulizwa na wanajibu. Watoto wakaja kuchanjwa. Wale wale wakampa Skola kazi ya kuwasimamia, yuko Kibondo mpaka leo, anarudi Jumamosi, Jumatatu asubuhi nabaki tena na milango yangu. Simu ya saa moja bado napiga. Nazima televisheni kwanza, nakaa, naiweka sikioni, na tunaanza na mvua. Zipo siku hatufiki popote zaidi ya mvua, na nyumba inakuwa kubwa vile vile.

Mkataba wangu wa chanjo haukuhuishwa. Hakuna aliyenidhulumu, niliusikia ukiuawa kwa masikio yangu na niliyeruhusu ni mimi. Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijawahi kulipia neno moja bei kama ya lile “Andika”: shilingi milioni sita, laki nne na elfu thelathini, mkataba wa mwaka mzima.